Tabo ya Mama Polepole

Mzee Nati alikuwa na ugonjwa ambao haupimwi hospitali: alijivunia binti yake kupita kiasi, na hakutaka mtu yeyote ajue. Jina la Nati alilipata kwa sababu mifuko ya ovaroli yake haikukosa nati. Akitembea, analia kama kibubu cha mtoto. Mafundi wake waliokuwa na neno la kumsema bosi walikuwa na muda wa kulimaliza na kulifutia nyayo, maana walimsikia tangu getini.

Binti yake walimwita Geji, kama kile kipimo cha presha. Huyo hakuwa mtu wa kukadiria kwa macho. Hata sukari ya chai aliichota kwa kijiko, akaisawazisha kwa kisu, ndipo akaimwaga kikombeni.

"Wewe siku ukifa," Honi alimwambia, "utaamka kaburini uhakikishe shimo limenyooka."

"Na wewe siku ukifa," Geji akamjibu bila kuinua macho, "mdomo itabidi uzikwe peke yake, wiki moja baadaye."

Honi alikuwa mtoto wa dada yake Mzee Nati, fundi mzuri, ila ukimbonyeza kidogo analia mpaka betri iishe. Wa nne gerejini alikuwa mchomeleaji, mtu mkimya ambaye inasemekana alicheka mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kikohozi.

Gereji ile ilikuwa na sheria yake. Injini haifunguliwi kabla ya mchoro. Na mchoro si wa karatasi. Karatasi zilikuwa zinalowa oili, zinapotea, na moja iliwahi kurudi kutoka dukani imefungiwa karanga. Mchoro ulikuwa wa chaki, sakafuni, mkubwa kama gari lenyewe. Mwenye mpango anachora, anasimama pembeni, na wenzake wanauzunguka na viatu vyao. Anayeona kosa anasema, na papo hapo anafuta mstari kwa soli. Ukishindwa kuutetea mstari wako, chaki anapewa mwingine na kazi inakwenda naye. Mchoro ukipona, Mzee Nati anauzunguka mara tatu, anatamka neno moja, "Umesimama," na kuanzia hapo aliyechora ndiye fundi wa gari hilo, mwanzo hadi mwisho. Hata bosi hamwamuru.

Geji alikuwa na miaka sita kazini pale. Alishafunga injini zisizohesabika, zote kwa mipango ya watu wengine. Mchoro wake mwenyewe hakuwahi kuuweka chini.

Ndipo likaja gari la Mama Polepole.

Mama Polepole alikuwa dereva wa basi la shule. Akiwa na watoto ndani hajawahi kuvuka kilomita arobaini kwa saa. Bata wa mtaani walimpita. Watoto ndio waliompa jina. Ila Jumapili mama huyo alivua sare ya kazi, akaingia kwenye gari lake la spoti la milango miwili, kuukuu, wekundu wake umechoka hadi kuwa rangi ya fizi, akaenda kwenye mashindano ya kupanda mlima. Huko alipitwa kweli. Miaka mitatu mfululizo alifika wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho siku ambayo kuna mwenzake kaharibikiwa.

Tatizo lilikuwa tabo. Kila mpenda magari anaifahamu: ile feni iliyojikunja ndani ya gamba kama konokono, inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa ili ipate nguvu. Ya gari lile ilikuwa ndogo, na imezeeka, inapumua kama mtu aliyepanda ngazi na gunia.

"Nataka tabo kubwa zaidi," Mama Polepole alisema. "Nguvu iongezeke theluthi. Lakini gari lisife. Mmenielewa? Nataka kupanda mlima, sitaki kuzikwa huko." Kisha akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye gereji ya milango ya kioo, ambako mafundi wana kiyoyozi na mipango inatoka kwenye kompyuta kama risiti. "Wale wameniambia wanaanza Alhamisi. Nanyi mna hadi Alhamisi saa nne asubuhi mnionyeshe mpango wenu. Mkishindwa, navuka barabara."

Akawaachia gari, funguo akaondoka nazo.

"Nipeni chaki," Geji akasema.

Mzee Nati alisema "Haya" kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama anataka maji. Kisha akaingia stoo, akafunga mlango, akarukaruka. Nati zikamsaliti. Gereji nzima ilisikia.

*

Alhamisi asubuhi mchoro ulikuwa chini, na Mzee Nati alipouona ilibidi ajifanye anatafuta spana namba kumi na tatu ukutani ili watu wasimwone uso. Haukuwa mchoro, ulikuwa mji. Injini katikati, silinda zake nne zimepangwa kama vikombe kwenye sinia. Mishale ya hewa, mishale ya moshi, mabomba ya maji, bomba la oili la kwenda na la kurudi. Kila kitu kwa vipimo, kila kipimo kimeandikwa.

Honi akakunja suruali. "Haya, dada. Leo viatu nimevaa vya kazi."

"Vaa na breki, utavihitaji."

"Klachi!" Honi akainua mguu. "Klachi ya zamani ukiiongezea nguvu theluthi itateleza kama sabuni ya bafuni."

"Tazama kulia kwako."

Honi akatazama. Klachi mpya ilikuwepo, nzito zaidi, na idadi ya meno ya shafti imeandikwa pembeni. Mguu ukashuka polepole, ukajidai ulikuwa unajinyoosha.

"Petroli. Hewa nyingi inataka petroli nyingi."

"Pampu kubwa, nimeichora nyuma, karibu na tangi. Karibu uende uisalimie."

"Joto."

"Rejeta ya hewa, mbele kabisa. Hewa inapozwa ndipo inaingia."

"Injini yenyewe ni ajuza! Silinda zitastahimili?"

"Nimezipima zote nne, mara mbili, siku lilipoletwa, injini ikiwa bado na moto. Zinalingana. Na presha hatuanzi na ya juu. Tunaanza chini, tunapanda, tukisikia injini inagonga tunarudi."

Honi akafuta jasho ambalo halikuwepo. "Mimi ningeweka tabo ya lori. Watu waheshimiane."

"Ya lori kwa injini hii? Utakanyaga mafuta hapa, nguvu itakuja ukishafika nyumbani, umevua viatu."

Mchomeleaji akacheka. Wote waligeuka kumtazama, na yeye mwenyewe alionekana kushtuka. Ili kuficha aibu akauliza swali, la kwanza na la mwisho: "Mbona umeishusha tabo chini hivi? Ya zamani iko juu."

"Mpya ni nene. Juu, boneti haifungi, nimepima. Hapa chini kuna nafasi ya kiganja kila upande, na bomba la kurudisha oili linakuwa fupi kama kidole." Akaonyesha ule mstari mfupi, mnyofu, mzuri kuliko yote, kutoka tabo hadi sampu, lile bakuli la oili lililo tumboni mwa injini.

Mchomeleaji akatikisa kichwa kukubali, akarudi nyuma. Honi akalikanyaga lile bomba akipita, si kwa kulifuta, kwa kukosa pa kuweka mguu. Mchoro ukapona.

Sasa zamu ya Mzee Nati. Akaanza kuuzunguka, mikono nyuma, nati zikilia. Mara ya kwanza alikuwa anafikiria siku Geji akiwa na miaka saba alipolia kwa sababu baskeli yake ilikuwa na tairi la mbele lenye upepo kuliko la nyuma. Mara ya pili alikuwa anaangalia uso wa Honi, na kwa kweli uso wa Honi asubuhi ile ulistahili kuangaliwa. Mara ya tatu alikuwa anatunga jinsi atakavyomsimulia shemeji yake. Macho yake yalipita juu ya chaki kama kuku anavyopita juu ya gazeti.

"Umesimama," akasema.

Honi akapiga makofi, maana mdomo wake ulikuwa mkubwa lakini roho haikuwa ndogo. Geji alishika chaki kwa mikono miwili kama inaweza kuruka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini pale gerejini aliyelewa sifa hakuwa mgema, alikuwa baba yake.

*

Saa nne kamili Mama Polepole akaingia. Hakuwahi kuchelewa wala kuwahi. Basi la shule halimruhusu mtu tabia hizo.

"Haya, fundi ni nani?"

"Ni huyu," alisema Mzee Nati, na sauti ilimtoka nene kuliko alivyopanga. "Binti yangu. Mchoro umesimama."

Mama Polepole akatazama mistari sakafuni, akakunja uso. "Mwanangu, mimi hii naiona kama ramani ya nchi nisiyoijua. Nionyeshe kwenye gari."

Gari lilikuwa juu ya stendi. Geji akapiga magoti kwenye tairi la mbele, Mama Polepole akainama pembeni yake bila kujali sketi, na Mzee Nati akasimama nyuma yao, kifua mbele.

"Tabo itakaa hapa," Geji akasema, akaingiza mkono wa kushoto ndani, akaufumba ngumi mahali pa tabo. "Oili inaifikia kwa presha, kupitia bomba jembamba. Ikishalainisha, inarudi kwenye sampu. Kurudi hakuna pampu. Inateremka yenyewe tu, kama maji ya mvua. Inaingia kwenye tundu hili hapa." Akaingiza mkono wa kulia, akaweka kidole penye tundu.

Akanyamaza.

Mzee Nati alikijua kimya kile. Alikisikia mara ya kwanza penye baskeli, kabla ya kile kilio. Akainama juu ya bega lake, akatazama mikono miwili ya binti yake ndani ya gari.

Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya mkono wa kulia.

Tabo ilikuwa chini kuliko tundu. Oili ingetakiwa ipande. Sakafuni bomba lile lilikuwa fupi na limenyooka, kwa sababu sakafu ni bapa. Chaki inajua kushoto na kulia, mbele na nyuma, lakini haijui juu na chini. Watu wanne wameuzunguka mchoro asubuhi nzima wakiutazama kutoka juu kama ndege, na hakuna aliyepiga goti hata mmoja. Michoro yote ya miaka yote ilikuwa hivyo, ila tabo za zamani zilikaa juu, na kosa halikupata pa kujitokeza.

Mama Polepole hakuwa ameona kitu. Kwake ilikuwa mikono miwili yenye grisi.

Hapo Mzee Nati akainamia sikio la binti yake, na maneno yaliyomtoka hakuamini kwamba ni yake. "Endelea tu, mwanangu," alinong'ona. "Dogo hilo. Tutalirekebisha wenyewe."

Geji akageuza shingo, akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama geji ambayo jana ilisoma vizuri na leo sindano imekwama. Kisha akatoa mikono, akainuka, akatembea hadi katikati ya gereji, akaweka soli ya kiatu juu ya lile bomba fupi, akafuta. Hakuishia hapo. Akafuta tabo. Akafuta manifoldi inayoshika tabo. Akafuta mishale ya moshi. Honi akashika kichwa.

"Geji! Umesimama huo! Unafutaje mchoro uliosimama?"

"Haufai," Geji akasema. "Tabo iko chini kuliko tundu la sampu. Oili haitarudi. Njoo uone."

Honi akaenda, akapiga goti, akaingiza mikono kama alivyofanya Geji. Alikaa pale muda ambao kwa Honi ni sawa na mwezi bila kusema. Alipoinuka alikuwa amepungua urefu. "Mimi nimepita juu ya hilo bomba mara tano," alisema. "Tano! Hata nimelikanyaga."

Mama Polepole akajipangusa magoti. Akatazama mlangoni, ng'ambo ya barabara, ambako vioo vilikuwa vinametameta. Kisha akamgeukia Geji.

"Tuseme ungenyamaza. Ningejua lini?"

"Mlimani, mama. Kona ya tatu au ya nne. Ungeona moshi wa buluu nyuma yako. Oili ingejaa kwenye tabo, ikatafuta pa kutokea, tabo ikajiua."

"Na baba yako alikunong'oneza nini pale chini?"

Geji akafungua mdomo, akaufunga. Mtu anayepima sukari kwa kisu hajui kusema uongo, na mtoto mwema hajui kumchongea babaye. Alikuwa amekwama katikati kama boliti iliyokatika.

Mzee Nati akamwona. Na kile alichokuwa anakificha miaka yote, kile cha kumrusharusha stoo, safari hii kikaja na aibu mkononi.

"Nilimwambia aendelee," akasema. "Nilimwambia afunike."

Honi akamtazama mjomba wake kama anamwona mara ya kwanza.

"Mchoro niliupitisha mimi," Mzee Nati akaendelea. "Nimeuzunguka mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa namtazama yeye, siitazami kazi. Nilitaka sana awe fundi. Kumbe tayari alikuwa fundi, na mimi ndiye niliyetaka kumharibu." Akamgeukia Mama Polepole. "Ukitaka kuvuka barabara, vuka, mama. Nitakusukumia gari mwenyewe. Ila nataka ujue kwamba hapa ndani leo kuna fundi mmoja, na si mimi."

Mama Polepole akatazama gari lake juu ya stendi.

"Mimi kila asubuhi nabeba watoto arobaini," alisema. "Nikipanda gari lolote najiuliza swali moja tu: aliyelifunga, akikosea, atasema? Mengine nawaachia nyinyi wenye spana." Akamgeukia Geji. "Mchoro mpya lini?"

"Jumamosi."

"Hata kesho inawezekana," Honi akadakia. "Tukikaza kamba..."

"Jumamosi," Geji akasema.

Mama Polepole akaangua kicheko. "Naona jina langu limepata mrithi!"

Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa funguo za gari. Mzee Nati, kwa mazoea ya miaka thelathini, akanyoosha kiganja kuzipokea. Funguo zikampita mbele ya pua, zikatua kwenye mkono wa Geji. Kiganja chake kikabaki hewani, kitupu, na yeye mwenyewe hakukumbuka kukishusha. Kama pale pangekuwa na mpiga picha, angepata picha ya mtu aliyenyimwa kitu na uso wake umejaa furaha.

*

Ijumaa Geji hakugusa sakafu kwanza. Alisimama mbele ya ukuta wa nyuma.

"Baba, naomba ukuta."

"Ukuta nimeupaka rangi juzi, na ile rangi..."

"Sakafu itatuonyesha kushoto na kulia. Ukuta utuonyeshe juu na chini. Kila mchoro uwe na pacha wake."

Mzee Nati akautazama ukuta wake mweupe, safi, ambao alikuwa amewakataza watu hata kuuegemea. "Chora," akasema.

Kwanza vipimo vya urefu. Tabo ilibidi ipande kiganja kizima, igeuzwe gamba lake lielekee nyuma, ichaguliwe nyembamba kidogo ili boneti ifunge, na mchomeleaji aunde manifoldi mpya yenye shingo iliyopinda. Mchomeleaji alipoambiwa alisema "Sawa," kisha, baada ya kufikiri, akaongeza, "Sawa kabisa," na watu wakajua kazi imempendeza kupita kiasi.

Geji alihitaji mtu wa kushika ncha ya utepe wa kupimia chini ya gari. Honi alikuwa na mikono ndani ya klachi ya gari jingine. Mzee Nati akajilaza kwenye kibao cha magurudumu, akajisukuma chini ya gari, nati zikimwagika mifukoni moja baada ya nyingine.

"Shika hapo kwenye tundu la sampu, Baba."

"Nimeshika."

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Nimesema kidogo, Baba. Hiyo ni milimita nne."

"Samahani, fundi," akasema, na huko gizani, uso ukiwa na vumbi na tone la oili penye nyusi, akatabasamu bila kujificha, maana ukuta wa kutafutia spana ulikuwa mbali.

Viatu vya mtu vikaingia getini, vikasimama karibu na tairi. Mteja mgeni, suruali ya kunyooshwa, sauti ya haraka.

"Hodi hapa! Fundi mkuu yupo?"

Honi akafungua mdomo, lakini kwa mara ya kwanza katika historia ya gereji ile kuna aliyemuwahi.

"Yupo," Mzee Nati akajibu kutoka chini ya gari, kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara. "Lakini usimsumbue, anapima. Vuta kiti hapo umsubiri."